Tarakilishi Kuukuu, Diski Mpya: Jinsi ya Kutia SSD ya Kwanza

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tumezoea kuiandika katika insha, lakini leo, msomaji mpenzi, ningependa tuipeleke katika chumba cha tarakilishi. Kipindi kimoja ni dakika 40. Mashine ikila dakika 5 kuamka tu, imekwisha kula thumni ya kipindi kizima, na wewe hujaandika hata jina lako. Ndipo unaposikia watu wakisema, "Aa, hii imezeeka bwana, itupwe, shule inunue nyingine."

Hebu tungoje kidogo kabla ya kutupa. Aghalabu kilichochoka si tarakilishi nzima bali kiungo kimoja tu, yaani diski. Ukiiondoa diski ya kale na kutia ile ya kisasa iitwayo SSD, mashine iliyokuwa ikikokota miguu huanza kutembea kama kijana. Kazi yenyewe haihitaji shahada. Yahitaji bisibisi, saa mbili tatu, na utulivu.

Hata hivyo kuna jambo moja nitakalolirudia hadi unichoke: mashine hununuliwa dukani, lakini kazi ya mtu haiuzwi popote. Mradi wa somo la Kompyuta ulioushughulikia muhula mzima, orodha ya alama za mwalimu, picha za marehemu babu, vyote hivyo viko ndani ya ile diski unayotaka kuing'oa. Anayejifunza kutia SSD bila ya kujifunza kuokoa faili zake amejifunza nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo kubwa.

Diski ni kitu gani?

Ndani ya tarakilishi mna kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu ya muda, iitwayo RAM. Hiyo ni kama meza yako ya kusomea: unatandaza vitabu unavyovitumia sasa hivi. Ya pili ni diski, nayo ni kama kabati. Stima ikipotea, vilivyokuwa mezani hupeperuka, lakini vya kabatini hubaki. Ndiyo maana mwalimu hatuachi tupumue: "Hifadhi kazi yako! Hifadhi!" Anataka utoe kitu mezani ukitie kabatini.

Sasa kabati la kizamani, ile diski ngumu, limeundwaje? Ndani yake mna visahani vilivyopakwa madini ya sumaku. Visahani hivyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika katika tarakilishi nyingi za mezani, na mara 5,400 katika vipakatalishi vingi. Juu yake pana mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Kichwa hicho hakigusi kisahani. Huelea juu yake kwa umbali mdogo ajabu, mdogo mara elfu nyingi kuliko unene wa unywele. Kwa hivyo ukiiangusha mashine ikiwa inafanya kazi, kichwa chaweza kukwaruza kisahani, na hapo mambo huharibika.

Diski ya namna hii ina historia ndefu. Kampuni ya IBM ilitoa ya kwanza mwaka wa 1956. Ilikuwa na visahani 50, kila kimoja kipenyo chake inchi 24, na uzito wake ulikuwa kama tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo ingetosha kuijaza.

Mbona basi huenda polepole?

Hapa tufanye hesabu kidogo, na wale wasiopenda Hisabati wavumilie. Kisahani kinachozunguka mara 7,200 kwa dakika kinazunguka mara 120 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 8.3. Faili unayoitaka yaweza kuwa popote katika mzunguko huo, kwa hivyo kwa wastani utangoja nusu yake, kama milisekunde 4. Ongeza muda wa mkono kusogea hadi mahali panapofaa, kama milisekunde 9. Jumla ni milisekunde 13 hivi kwa kila kipande cha habari.

"Milisekunde 13 ni nini?" utauliza. Kwa kipande kimoja si kitu. Lakini tarakilishi inapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Tuseme ni vipande 10,000. Zidisha kwa milisekunde 13, utapata sekunde 130, yaani zaidi ya dakika 2 za kungoja mkono uende na kurudi. Na hapo hatujataja programu ya kuzuia virusi ambayo nayo inautaka mkono uo huo. Mkono ni mmoja, wateja ni wengi.

SSD haina mkono wala kisahani. Hifadhi yake ni vibamba vidogo vyenye mabilioni ya vijumba, na kila kijumba hunasa chaji ya umeme nyuma ya ukuta usiopitisha umeme. Chaji ikinaswa hukaa pale hata stima ikipotea. Kufikia kipande chochote huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, au chini ya hapo. Rudia hesabu yetu: vipande 10,000, sekunde 1. Mashine ni ile ile, na umebadilisha kabati tu.

Teknolojia hii ni ndugu wa ile iliyo katika flashi zetu na katika simu. Aliyeivumbua ni Mjapani, Fujio Masuoka, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Toshiba. Aliieleza mbele ya wanasayansi wenzake mwaka wa 1984, na mwaka wa 1987 akaleta aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo iliyomo katika SSD za leo. Mwaka wa 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, iliuza SSD ya MB 20 kwa takriban dola 1,000 za Marekani. Leo SSD ndogo ya dukani, ya GB 240, ina nafasi mara 12,000 ya ile, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya tarakilishi mpya.

Na kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, tusipite bila ya kuuliza jina. Herufi S mbili za mwanzo za SSD zina maana ya kitu kilicho katika hali isiyo kimiminika wala gesi. Ndugu zetu wa Tanzania, wanaofundishwa sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi, huiita hali hiyo mango. Basi mbona tusiseme diski mango? Mkikubali, liingie katika msamiati wetu. Mkikataa, endeleeni na SSD, na mimi humu nitaendelea nayo ili tusichanganyikiwe.

Kabla ya kutoa pesa

Usikimbilie dukani. Kwanza tazama mashine yako inakubali diski ya umbo gani.

Umbo la kwanza ni la inchi 2.5, jembamba kama daftari dogo la mfukoni, na hutumia waya au tundu liitwalo SATA. Hili ndilo linalofaa mashine nyingi kuukuu. Katika kipakatalishi huingia pale pale ilipotoka diski ya zamani. Katika tarakilishi ya mezani huhitaji kishikio, kwa sababu nafasi iliyopo ni ya diski ya inchi 3.5.

Umbo la pili huitwa M.2. Ni ubao mwembamba kama kipande cha ubani, ambao mara nyingi upana wake ni milimita 22 na urefu milimita 80. Huchomekwa moja kwa moja katika ubao mama. Hapa pana mtego: M.2 nyingine hufuata njia ya SATA, nyingine hufuata njia iitwayo NVMe. Zafanana kwa macho lakini si tundu zote zinazokubali zote mbili. Soma kitabu cha mashine yako au umwulize mwalimu kabla ya kununua.

Je, kasi? Diski ngumu husoma kama MB 100 hadi 200 kwa sekunde, faili zikiwa zimepangwa vizuri. SSD ya SATA husoma MB 500 hivi. NVMe husoma MB 2,000, 3,000 na zaidi. Lakini usidanganyike na tarakimu kubwa. Faida kubwa ni ile ya kuacha kungoja mkono, na faida hiyo utaipata hata kwa SSD ya SATA ya kawaida.

Ukubwa je? Kwa mashine ya kuandikia, kupigia mahesabu na kusomea, GB 240 au 256 zatosha. Ukishaitia utaona mfumo wa Windows ukisema una GB 223 tu. Usirudi dukani kugombana! Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Gawanya mwenyewe, utaona hujaibiwa.

Wezi wa kweli ni wengine. Kuna SSD bandia zinazouzwa kwa bei ya kutupa, zimeandikwa TB 2 au hata 4, kumbe ndani mna kikadi kidogo cha kumbukumbu kilichogundishwa. Zimefundishwa kusema uwongo: tarakilishi huona nafasi kubwa, lakini ukishazijaza kidogo, faili mpya huandikwa juu ya za zamani. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Nunua kwa mwenye duka atakayekupa risiti na dhamana, kisha uipime kabla ya kuiamini. Programu ya bure iitwayo H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, huijaza diski na kuisoma tena ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Ifanye kazi hiyo ikiwa bado tupu.

Kwanza okoa kazi

Akiba haiozi. Kabla ya kugusa skrubu hata moja, nakili faili zote muhimu katika diski ya nje au flashi kubwa. Usisahau zile zilizo kwenye skrini ya mwanzo, maana watu wengi huweka vitu pale kama mtu anayeweka nguo juu ya kiti. Tazama pia folda ya vitu vilivyopakuliwa kutoka intaneti, picha, na alamisho za tovuti unazozitumia. Andika kando nywila na namba za leseni za programu zilizonunuliwa.

Kunakili peke yake hakutoshi. Chukua nakala ile, ichomeke katika mashine nyingine, na ufungue faili kadhaa: moja ya kuandika, moja ya hesabu, picha moja. Zikifunguka, sasa una akiba. Zisipofunguka, ulikuwa na matumaini tu. Kama mashine ni ya shule, hakuna kuanza bila ya ruhusa ya mwalimu anayehusika, na kila mwenye faili humo aarifiwe mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hivyo andikeni orodha: mashine namba fulani, nakala iko wapi, imefanywa siku gani.

Jinsi ya kuitia

Tuchukue mfano wa tarakilishi ya mezani na SSD ya inchi 2.5. Unahitaji bisibisi ya nyota, waya mmoja wa data wa SATA, kishikio, na bakuli dogo la kutilia skrubu zisitawanyike.

1. Zima mashine kabisa, kisha uchomoe waya wa stima ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili umeme uliobaki ndani utoke. Kama ni kipakatalishi, toa betri. Ikiwa betri iko ndani, fungua kifuniko halafu uchomoe waya wake kabla ya jambo jingine lolote.

2. Vua sweta. Usicheke! Sufu inaposuguana na shati huzaa umeme tuli, ule unaokuchoma kidogo ukigusa chuma. Kwako wewe ni mzaha, lakini kwa vibamba vya kumbukumbu waweza kuwa mauti. Gusa chuma cha kasha la mashine kwanza, na urudie kugusa kila mara.

3. Fungua kifuniko cha kando. Piga picha kwa simu ya mwalimu, au chora, ili ujue kila waya ulikuwa wapi.

4. Tafuta diski ya zamani. Ina waya mbili: mwembamba wa data, wenye ncha 7, unaokwenda kwenye ubao mama, na mpana wa nguvu, wenye ncha 15, unaotoka kwenye kasha la umeme. Zote mbili zina umbo la herufi L mdomoni ili zisiingie kinyume. Zichomoe kwa kushika mdomo wake, usivute waya.

5. Funga SSD katika kishikio kwa skrubu nne, kisha ufunge kishikio mahali pake. Usikaze mpaka skrubu zilie. SSD haina kinachozunguka, kwa hivyo haitikisiki.

6. Chomeka waya wa data na wa nguvu. Ukihisi ukinzani mkubwa, simama uangalie ile L. Haraka haraka haina baraka, na plastiki ya mdomo ule ikivunjika haiungwi.

Kwa ile ya M.2, iingize kwa mshazari, kama nyuzi 30 hivi, kisha uilaze polepole na kuifunga kwa skrubu yake moja ndogo. Hiyo skrubu hupotea kwa urahisi kuliko kalamu ya kuazimwa.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alipoona SSD kwa mara ya kwanza aliigeuza akauliza, "Sasa hii kitu inazunguka wapi?" Haizunguki, ndugu. Usiogope usiposikia mlio.

Kuingiza mfumo endeshi

SSD mpya ni daftari tupu. Lazima iandikwe mfumo endeshi, na njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kunakili diski nzima ya zamani kama ilivyo, pamoja na programu zake zote. Programu ya bure iitwayo Clonezilla hufanya hivyo. Kwa kawaida SSD isiwe ndogo kuliko diski unayoinakili. Hatari ya njia hii ni moja na ni kubwa: programu itakuuliza ipi ni chanzo na ipi ni mwisho. Ukizigeuza, utanakili utupu juu ya kazi yako, na kazi itafutika. Kwa hivyo, kabla ya kuanza, andika katika karatasi jina na ukubwa wa kila diski. Msomeeni mwenzio kwa sauti kabla ya kubonyeza. Macho manne ni bora kuliko mawili.

Njia ya pili ni kuweka mfumo upya. Hii ndiyo ninayoipendelea kwa mashine ya zamani, maana ukinakili nzima unanakili na takataka zake. Utahitaji flashi ya GB 8 au zaidi iliyotayarishwa kwa ajili hiyo. Na hapa kuna siri ndogo inayookoa machozi: kabla ya kuanza, acha diski ya zamani ikiwa imechomolewa waya. Ikiwa ndani mna diski moja tu, hata ukikosea kubonyeza huwezi kuifuta ile nyingine.

Mfumo gani? Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ina masharti ambayo mashine nyingi kuukuu haziyatimizi. Lakini kuna mifumo ya bure kama Linux Mint, ambayo huja na programu ya kuandikia na ya mahesabu, na hukubali mashine nyingi zilizokataliwa. Jaribu kwanza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila ya kufuta chochote, uone kama printa na kibodi vinaitikia.

Ili mashine ianze kwa flashi, lazima uiambie. Punde tu ukiiwasha, bonyeza kitufe cha kuchagua: kwa mashine za Dell ni F12, kwa HP ni F9, kwa Lenovo nyingi ni F12. Ukitaka kuingia katika mipangilio ya ndani, Dell ni F2 na HP ni F10. Humo tazama mambo mawili: kwamba SSD inaonekana katika orodha, na kwamba njia ya SATA imewekwa AHCI. Hili la AHCI lifanywe kabla ya kuweka mfumo, kwani ukilibadilisha baadaye Windows yaweza kukataa kuamka.

Baada ya kuamka

Ukishaona mashine imewaka kabla hujamaliza kuvuta kiti, usikimbie kusherehekea. Kuna mambo ya kupanga.

La kwanza ni TRIM. Kijumba cha SSD hakiwezi kuandikwa upya kabla ya kufutwa, na kufuta hufanyika kwa mafungu makubwa. Unapofuta faili, mfumo hauna budi kuiambia SSD, "Hizi hazitakiwi tena," ili izisafishe ikiwa haina kazi. Ujumbe huo ndio TRIM. Katika Windows fungua dirisha la amri na uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, TRIM inafanya kazi. Katika Linux amri ni sudo fstrim -v /.

La pili, usiipange upya faili kwa ile programu ya zamani ya kuzikusanya pamoja. Kwa diski ngumu ilisaidia, kwa sababu mkono ulipunguziwa safari. SSD haina mkono, kwa hivyo unaichosha bure.

La tatu, usiijaze hadi pomoni. Iache sehemu kama moja ya saba ikiwa wazi ili ipate mahali pa kupangia mambo yake.

La nne, izime kwa utaratibu. Stima ikipotea ghafla SSD ikiwa inaandika, nayo huweza kudhurika kama diski yoyote.

Je, SSD huchakaa? Ndiyo. Kila kijumba kina idadi ya mara kinazoweza kuandikwa. Lakini tupige hesabu. Baadhi ya SSD za GB 240 huahidiwa kuandikwa jumla ya TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, na hizo ni nyingi kwa mwanafunzi, itakuchukua siku 4,000, karibu miaka 11. Huenda wewe ukawa na watoto kabla ijachoka.

Tusiipe sifa isizostahili, lakini. SSD haiharakishi intaneti. Haiponyi virusi. Kama kumbukumbu ya muda ni GB 2 tu, meza bado ni ndogo hata kabati likiwa la dhahabu. Ongeza RAM nayo kama pesa zipo.

Usiache mbachao

Na sasa narudi pale pale. Diski ngumu inapokaribia kufa mara nyingi huonya: hugonga, hulia, hufungua faili kwa shida. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, fundi hodari aweza kuirudisha. SSD aghalabu hufa kimya. Leo ipo, kesho mashine haiioni kabisa. Na faili iliyofutwa, TRIM ikishapita, ni vigumu mno kurudi. Kwa hivyo aliyehamia SSD ana haja kubwa zaidi ya nakala ya akiba kuliko alivyokuwa zamani. Watu wengi huuona mwendo mpya wakasahau jambo hili.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Ile diski ya zamani usiifute siku ile ile. Iandike tarehe, uifunge vizuri, uiweke kando kwa wiki kadhaa mpaka uhakikishe kuwa SSD haina kasoro na kila mtu amepata faili zake. Baadaye waweza kuitia katika kasha la USB ikawa diski ya nje ya kuwekea nakala, mradi iwe bado nzima. Ukiamua kuigawa au kuiuza, ifute kwanza kwa programu ya kufutia, si kwa kubonyeza kitufe cha kufuta tu. Diski ya shule ina majina na alama za watu, na tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data. Siri ya mwenzio si ya kupelekwa sokoni.

Panga siku moja kila wiki, tuseme Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani, iwe siku ya kunakili. Dakika 10 zatosha, nazo SSD imekwisha kukurudishia asubuhi mashine ilipoamka upesi. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hutafuta koleo jingine, na huendelea kuilinda kazi iliyo katika moto. Nawatakia kila la heri, na skrubu zote zibaki bakulini.